Je, Serikali Yaweza Kufilisika? Misri Yatujibu Mara Tatu



Sifa zote njema zamstahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Ndugu msomaji, Ramadhan karim. Huu ni mwezi wa kujihesabu. Tumbo likiwa tupu, akili hupata nafasi ya kuuliza maswali ambayo mwaka mzima tunayaruka. Leo nataka tulijadili swali moja ambalo husikika barazani, ndani ya matatu na hata katika vyumba vya wanafunzi kila bajeti inaposomwa: je, serikali inaweza kuishiwa na pesa kabisa?

Utasikia majibu mawili. Wa kwanza atakwambia, "Serikali iishiwe vipi na mashine ya kuchapisha noti iko mikononi mwao? Si wachapishe tu!" Wa pili atamjibu, "Wewe! Serikali ni kama nyumba yako. Ukitumia kuliko unachopata, siku moja utaamka jikoni hamna unga." Kila mmoja amepata nusu ya ukweli na kukosa nusu yake. Kwa hivyo badala ya kubishana mpaka adhana ya magharibi, twende kwenye historia. Twende Misri, nchi ambayo mtoto wa madrasa huijua hata kabla ya kuijua ramani ya Kenya. Misri imeulizwa swali hili zaidi ya mara moja, na majibu yake matatu yanatutosha.

KWANZA TULIELEWE NENO

Tunasema mtu "amefilisika". Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni moja na neno "fulusi" ambalo wazee wetu wa pwani wanalitumia kwa maana ya pesa. Fulusi zilikuwa sarafu za shaba, za kununulia vitu vidogo vidogo. Dinari ilikuwa ya dhahabu na dirhamu ilikuwa ya fedha. Wanazuoni wa lugha wameeleza kuwa muflisi ni mtu aliyekuwa na dirhamu, kisha akabaki na fulusi peke yake. Hebu ona jambo hilo. Muflisi wa asili ana pesa mkononi, tena pengine nyingi, lakini zile zenye thamani zimemtoka. Liweke neno hili akilini, litatufaa mbele.

MISRI YA NABII YUSUF (AS): HAZINA NI CHAKULA

Kisa chake unakijua, kwani ndicho kisa ambacho Qur'ani yenyewe imekiita kizuri kuliko visa vyote. Mfalme aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Nabii Yusuf (AS) akaifasiri ndoto ile: miaka saba ya neema, kisha miaka saba ya shida. Lakini hakuishia kwenye tafsiri. Alitoa mpango wa kazi. Limeni miaka saba mfululizo, mnachovuna kiacheni katika mashuke yake, ila kidogo mtakachokula. Na alipotolewa gerezani aliomba asimamie hazina za nchi, akataja sifa mbili za kumstahilisha: ni mtunzaji na ni mjuzi.

Sasa jiulize, hazina ile ilikuwa na nini ndani? Ilikuwa na nafaka. Njaa ilipofika, watu walitoka mpaka Kanaani kuja Misri na bidhaa zao, na baadaye ndugu zake Yusuf wakaja na bidhaa hafifu wakiomba wajaziwe kipimo. Mara ya kwanza walipokuja, Yusuf aliamuru bidhaa zao zirudishwe kwa siri ndani ya mizigo yao. Unaona? Aliyekuwa na nguvu ni mwenye ngano. Kama Misri ingekuwa na ghala zilizojaa sarafu badala ya mashuke, ingehesabu sarafu zake vizuri sana na watu wake wangekufa kwa njaa.

Hilo ndilo jibu la kwanza. Pesa ni hati ya kudai kitu. Kama kitu chenyewe hakipo, yaani hakuna chakula, hakuna mikono ya kufanya kazi, hakuna maji, basi serikali imefilisika hata kama sarafu zimejaa mpaka darini. Na kama vitu vipo, watu wana ujuzi na ardhi imelimwa, serikali ina mahali pa kuanzia hata kama mkoba wake leo ni mwepesi.

MISRI YA AL-MAQRIZI: PESA NYINGI, THAMANI HAKUNA

Turuke karne nyingi. Misri sasa iko chini ya Masultani wa Kimamluki, na Cairo ni mojawapo ya miji mikubwa ya Uislamu. Hapo ndipo alipozaliwa Taqiyyuddin Ahmad al-Maqrizi, mwaka 1364. Alikuwa mwanahistoria, lakini si mwanahistoria wa kukaa chumbani tu. Aliwahi kuwa muhtasib wa Cairo, yaani mkaguzi wa masoko, yule anayeangalia mizani, vipimo na bei. Kwa hivyo aliyajua masoko kama mvuvi anavyoijua bahari.

Katika zama zake sarafu za fedha zilikuwa zikiadimika. Wakati wa Sultan Barquq, aliyetawala kuanzia mwaka 1382, wakubwa wa dola waligundua njia rahisi. Shaba ililetwa kutoka Ulaya, ikapigwa chapa, na fulusi zikamwagwa sokoni. Kipande cha shaba cha bei ndogo kinaingia kiwandani, kinatoka kikiwa pesa. Faida ya wazi kabisa! Serikali ina mashine, kwa nini iishiwe? Huyu ndiye yule ndugu yetu wa kwanza kwenye matatu.

Pole pole fulusi, ambazo kazi yake ilikuwa kununua mboga na mafuta ya taa, zikawa ndizo pesa za nchi. Bei zikaanza kuhesabiwa kwa shaba. Na kadiri shaba ilivyozidi, ndivyo ilivyonunua kidogo. Kisha mwaka 1403 mto Nile haukupanda inavyotakiwa. Mashamba hayakunyweshwa, njaa ikaingia, na maradhi yakafuata.

Al-Maqrizi aliandika kitabu kidogo juu ya msiba huo mwaka 1405, kiitwacho Ighathat al-Umma. Angeweza kusema ni qadari ya Allah na mto haukujaa, akanyamaza. Hakufanya hivyo. Alisema Misri imewahi kupata ukame mara nyingi na ikainuka, lakini safari hii kuna mambo ya kibinadamu yaliyoifanya shida isiondoke. Akayataja matatu. La kwanza, vyeo vilikuwa vinanunuliwa. Ugavana, ukadhi, hata kazi ya ukaguzi wa soko, vyote vilipatikana kwa rushwa, na aliyenunua cheo alirudisha gharama yake kwa kuwakamua raia. La pili, kodi za ardhi zilipandishwa mpaka mkulima akaona heri aache shamba. La tatu, hizo fulusi zenyewe.

Kisha akafanya jambo ambalo wanafunzi wa uchumi bado wanalifurahia. Aliwagawa watu wa Misri katika mafungu saba na kuangalia kila fungu limeguswa vipi. Wafanyabiashara walihesabu mapato makubwa kwa shaba, lakini wakienda kununua wanakuta wamerudi nyuma. Walioumia sana ni wale wenye posho isiyobadilika: mafaqihi, wanafunzi wa elimu, askari wa kawaida. Posho ni ile ile kwa hesabu, lakini haifiki popote. Ndugu msomaji mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, je, hujamtambua mwenzako wa miaka mia sita iliyopita?

Hatua hii haikuishia Cairo. Jirani zetu wa Zimbabwe waliishuhudia kwa macho. Mwezi Januari 2009 benki kuu yao ilitoa noti ya dola trilioni 100. Noti moja! Na miezi michache baadaye nchi iliacha kutumia pesa zake na kushika dola za Marekani na randi za Afrika Kusini. Mashine haikuharibika na karatasi haikuisha. Kilichoisha ni imani ya watu.

Jibu la pili basi ni hili: serikali inayotengeneza pesa zake haiwezi kuishiwa na pesa hizo. Itapiga chapa hadi mwisho. Lakini inaweza kuwafanya raia wote kuwa waflisi kwa ile maana ya asili, wenye fulusi tele zisizonunua kitu. Na wa kwanza kuumia ni maskini na mwenye kipato cha kudumu, kwani tajiri atakimbilia dhahabu, ardhi au pesa za kigeni. Ni kodi, isipokuwa haina risiti.

MISRI YA ISMAIL: DENI LA PESA ZA WENGINE

Sasa tufike kwenye jibu la tatu, na hapa nakuomba utulie kidogo kwa sababu ndilo zito zaidi.

Mwezi Januari 1863 Ismail Pasha alishika utawala wa Misri. Kwa jina Misri ilikuwa chini ya Sultan wa Uthmaniya kule Istanbul, lakini mambo yake mengi ilijiendeshea yenyewe. Ismail alianza na bahati kubwa. Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865, na pamba ya huko haikuweza kufika Uingereza. Viwanda vya Ulaya vikaigeukia pamba ya Misri kwa bei ya juu mno. Mapato yakamiminika. Ismail akajenga reli, mifereji ya kunyweshea mashamba, laini za telegrafu, shule na bandari. Tumpe haki yake, mengi katika hayo yalikuwa na manufaa. Lakini pia alijenga majumba ya kifalme na jumba la opera mjini Cairo, na mwaka 1869 akafungua Mfereji wa Suez kwa karamu iliyohudhuriwa na wafalme wa Ulaya.

Vita vya Marekani viliisha, bei ya pamba ikashuka. Matumizi hayakushuka. Akakopa. Na alikokopa ndiko penye fundisho: alikopa London na Paris, kwa pauni na faranga.

Ndugu yangu, angalia mikopo ile ilivyokuwa. Mkopo wa 1873 uliandikwa pauni milioni 32. Kilichopatikana baada ya makato na ada za mabenki ni kama pauni milioni 20 tu, tena sehemu yake ikiwa hati za madeni ya zamani badala ya fedha taslimu. Lakini riba ilihesabiwa juu ya zile 32! Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa hata harusi yenyewe haikuwa kamili, maana nusu ya pilau iliishia kwa wapishi.

Mfereji nao ulikuwa na kisa chake. Mkataba wa mwanzo, uliotolewa na mtangulizi wake Said Pasha kwa Mfaransa Ferdinand de Lesseps, ulifanya maelfu ya wakulima wa Misri wachimbe kwa kulazimishwa. Ismail alipotaka kazi ya kulazimishwa isimamishwe na ardhi irudishwe, kampuni ilidai fidia. Mwamuzi akawa Napoleon wa Tatu, mfalme wa Wafaransa. Mwaka 1864 aliamua Misri ilipe kampuni faranga milioni 84. Yaani Misri ililipa faini kwa kuwaondolea watu wake kazi ya kulazimishwa katika ardhi yake. Pesa za kulipia? Mkopo mwingine.

Mwaka 1871 ikatoka sheria iliyoitwa Muqabala. Mwenye ardhi akilipa kodi ya miaka sita kwa mkupuo, atapunguziwa nusu ya kodi yake milele. Kwa serikali yenye njaa hii ni asali. Lakini umeuza mapato ya wajukuu ili upate futari ya leo.

KISMAYU MWAKA 1875

Pengine unajiuliza haya yanatuhusu nini sisi wa huku. Sikiliza. Mwaka huo huo wa 1875, Ismail akiwa amezama kwenye madeni, alikuwa anapanua dola yake kuelekea kwetu. Gordon, Mwingereza aliyekuwa akiitawalia Misri sehemu za juu za Nile, alimpa wazo la kutafuta njia ya kwenda Maziwa Makuu kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Meli za Misri zikatumwa, zikiongozwa na McKillop Pasha, Mwingereza mwengine aliyekuwa akimtumikia. Mwezi Oktoba 1875 askari wa Misri waliteka Barawa na Kismayu.

Miji hiyo ilikuwa chini ya Sayyid Barghash bin Said, Sultan wa Zanzibar, huyo huyo ambaye bendera yake ilikuwa inapepea Lamu na Mombasa. Barghash akalalamika kwa Waingereza. Waingereza wakamkanya Ismail, na ilipofika mapema 1876 askari wake walikuwa wameshaondoka. Waislamu wawili wakigombania bandari, na mwamuzi ni London. Ismail angekataa vipi amri ya watu aliokuwa akiwategemea kwa mkopo wa kesho? Mwezi Novemba jeshi lake jingine lilishindwa vibaya na Wahabeshi pale Gundet, na mwezi Machi 1876 likashindwa tena pale Gura. Vita navyo vina bili yake.

SIKU HAZINA ILIPOKAUKA

Oktoba 1875 dola ya Uthmaniya ilitangaza kuwa haiwezi kulipa riba yote ya madeni yake. Wakopeshaji wa Ulaya wakaogopa, na mlango wa mikopo ukamfungia Ismail pia. Alikuwa na kitu kimoja cha thamani kilichobaki: hisa za Misri katika Mfereji wa Suez, hisa 176,602, ambazo ni karibu asilimia 44 ya hisa zote. Mwezi Novemba 1875 Waziri Mkuu wa Uingereza, Disraeli, alizinunua kwa karibu pauni milioni 4, pesa alizokopeshwa haraka na nyumba ya benki ya Rothschild. Mfereji uliochimbwa na mikono ya Wamisri ndani ya ardhi ya Misri, mara Misri haina hata hisa moja ya kawaida. Haki yake ya asilimia 15 ya faida nayo ikauzwa mwaka 1880.

Na zile pauni milioni 4 zilisaidia kwa muda gani? Miezi. Mwezi Aprili 1876 Misri ilisimamisha malipo ya hati zake za hazina. Deni, ambalo Ismail alilikuta likiwa pauni milioni chache, lilikuwa limefika kama milioni 90.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo serikali ilipofilisika kikweli. Mashine ya kupiga sarafu za Misri ingesaidia nini? Wakopeshaji walitaka pauni na faranga. Huwezi kuchapisha pesa za mwenzio.

Sasa tazama kilichofuata, hatua kwa hatua. Mei 1876 iliundwa taasisi ya kusimamia deni, Caisse de la Dette, yenye wajumbe wa Kizungu, na mapato ya mikoa na ushuru fulani yakawa yanapelekwa kwao moja kwa moja kabla ya kufika serikalini. Mwishoni mwa mwaka huo wakawekwa wasimamizi wawili wa hesabu, Mwingereza na Mfaransa. Mwaka 1878 Mwingereza, Rivers Wilson, akawa Waziri wa Fedha wa Misri, na Mfaransa akapewa Wizara ya Ujenzi. Mwaka huo huo sehemu za juu za Misri zilikuwa na njaa baada ya Nile kupungua, na bado kodi zilikusanywa ili riba ilipwe kwa tarehe yake. Mwezi Februari 1879 maofisa wa jeshi, mishahara yao ikiwa haijalipwa na wengi wakiwekwa kwenye nusu mshahara, waliandamana wakamzingira Waziri Mkuu na huyo Waziri wa Fedha.

Ismail alipojaribu kuwaondoa Wazungu, mataifa makubwa yalimshinikiza Sultan. Tarehe 26 Juni 1879 telegramu iliwasili kutoka Istanbul, imeandikwa kwa "aliyekuwa Khedive". Ndivyo alivyojua kuwa ameuzuliwa. Alifariki mwaka 1895 huko Istanbul, mbali na nchi yake.

Mtoto wake Tawfiq akashika nafasi, na sheria ya 1880 ikatenga karibu nusu ya mapato ya nchi kwa ajili ya deni. Wananchi wakachoka. Kanali Ahmad Urabi, mtoto wa mashambani, akaongoza harakati za kudai Misri iwe ya Wamisri. Waingereza wakapiga mji wa Alexandria kwa mizinga tarehe 11 Julai 1882, na tarehe 13 Septemba wakalivunja jeshi la Urabi pale Tel el-Kebir. Walisema wamekuja kuweka mambo sawa kisha waondoke. Askari wao wa mwisho aliondoka mwaka 1956. Miaka 74!

Istanbul nayo haikuachwa. Mwezi Muharram wa mwaka 1299, yaani Desemba 1881, Sultan alitia sahihi amri iliyowakabidhi wakopeshaji mapato ya chumvi, tumbaku, stempu na mengineyo. Hata chumvi ya mboga ya Muislamu wa Anatolia ikawa ni rehani.

BASI JIBU NI LIPI?

Tukusanye majibu. Serikali inayotoa pesa yake yenyewe, na inayodaiwa kwa pesa hiyo hiyo, haiwezi kulazimika kukwama kwa kukosa pesa. Inaweza kukosa vitu vya kununua, kama Yusuf (AS) alivyoona mbele kabla ya wenzake. Inaweza kupoteza imani ya watu, kama al-Maqrizi alivyoona sokoni. Lakini serikali inayodaiwa kwa pesa za wengine inaweza kuishiwa kabisa, na ikifika hapo kinachochukuliwa ni funguo. Mkopeshaji hahitaji kukuua wala kukufukuza nyumbani. Anahitaji tu kukaa mlangoni na daftari, aamue nani atakula kwanza.

Na tusimlaumu Mzungu peke yake, ingawa hana la kujitetea kwa riba ile na mizinga ile. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Ismail na familia yake walimiliki sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Misri, na mpaka baina ya mfuko wake na hazina ya umma ulikuwa hauonekani. Hakuna aliyejua hesabu kamili ya deni, mpaka walipokuja wageni kuikagua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Sayyidna Umar bin al-Khattab (RA) aliliona hili mapema. Mali zilipoanza kumiminika Madina, alianzisha diwani, daftari la kuandika nani anastahiki nini. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia nini? Inazungumzia kuandika deni, mwandishi muadilifu na mashahidi.

NA SISI HAPA KENYA?

Kenya ilianza kutoa shilingi yake mwaka 1966. Kwa deni la shilingi, hatari yetu ni ile ya al-Maqrizi. Tumeshaionja. Mwaka 1993, baada ya pesa kumwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992 na kashfa ya Goldenberg, mfumko wa bei ulifika kama asilimia 46. Waulize wazazi wako walikuwa wakinunua nini kwa mshahara ule.

Kwa deni la dola, hatari yetu ni ile ya Ismail. Mwaka 2014 Kenya iliuza hati za mkopo katika masoko ya nje, na dola bilioni 2 kati ya hizo zilitakiwa zilipwe Juni 2024. Tulipokopa, dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Mwezi Januari 2024 ilikuwa karibu shilingi 160. Deni ni lile lile kwa dola, lakini kwa jasho la Mkenya lilikuwa limekaribia kuwa maradufu. Mwezi Februari serikali ilichukua mkopo mpya wa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kuulipa ule wa zamani ambao riba yake ilikuwa chini ya asilimia 7. Shilingi ikapata nguvu tena, na Juni deni likalipwa. Alhamdulillahi. Lakini mwezi huo huo vijana waliingia barabarani kupinga mswada wa fedha na kodi zake mpya, wengine wakapoteza maisha, na Rais akaacha kuutia sahihi mswada ule.

Sisemi kuwa Kenya ya leo ni Misri ya 1876. Tuna Bunge, tuna mkaguzi wa hesabu, na ripoti zake zinachapishwa kila mtu asome. Ndiyo maana nasema zisomwe. Kijana anayejua bei ya kila mchezaji wa ligi ya Uingereza hashindwi kujua kaunti yake imekusanya ngapi na imetumia ngapi. Ukisikia mkopo umechukuliwa, uliza maswali matatu: ni wa pesa gani, kimefika kiasi gani mkononi, na umejenga kitu gani kitakachoulipa? Ismail angeulizwa haya kila mara na watu wasioogopa, pengine Kismayu isingemuona na Alexandria isingechomeka.

Na siku moja, inshaAllah, wewe msomaji utakuwa mhasibu wa kaunti, karani wa wadi, mwekahazina wa msikiti au wa chama hiki hiki. Kumbuka sifa mbili za Yusuf (AS): mtunzaji na mjuzi. Mcha Mungu asiyejua hesabu atatapeliwa. Mjuzi asiye na amana atatapeli. Tunahitaji zote mbili kwa mtu mmoja.

Nimalizie kwa kufilisika kulikokubwa zaidi. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtume (SAW) aliwauliza maswahaba kama wanamjua muflisi ni nani. Wakajibu kuwa ni yule asiye na dirhamu wala mali. Akawaeleza kuwa muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja siku ya Qiyama na swala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya yule, akampiga mwengine. Wote hao watalipwa kutoka kwenye mema yake, na yakiisha kabla ya madeni kuisha, atabebeshwa dhambi zao. Siku hiyo hakuna mashine ya kuchapisha thawabu, wala hisa za kuuza. Aliyekula mali ya umma ana wadai mamilioni, na kila mmoja atasimama na chake.

Tunafunga, tunaswali tarawehe, tunatoa zaka. Tusije tukayakusanya haya yote mwezi mzima, kisha yakaenda kulipia dhulma zetu. Dawa ya deni ni kulipa, na mwezi wa kulipa ni huu.

Ewe Mola wetu, tupe viongozi watunzaji na wajuzi, utuepushe na dhiki ya madeni na kushindwa nguvu na watu, na utukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.